Nota za taarab kutoka madaftari ya zamani: mwongozo kamili wa kuzihariri mpaka zipigike

Mwezi huu peke yake nimetumiwa nota na vikundi vitatu, viwili vya hapa mjini na kimoja cha Wete, na vyote vinaumwa ugonjwa mmoja. Mtu kakaa na kompyuta usiku kucha, nota zimetoka zinang'aa kama za dukani, siku ya mazowezi fidla wako bari ya 41 (bari ni kipande cha nota kati ya mistari miwili ya wima) na besi keshamaliza anafunga mfuko.

Tatizo si programu. Watu wanaanza kuandika kabla hawajazisoma nakala walizonazo, halafu wakikuta kitu hakiwaingii akilini wanakirekebisha kimya kimya, na baada ya wiki mbili hata wao hawajui kipi kilikuwa kwenye daftari na kipi wametia wenyewe.

Kwa hiyo kanuni ni moja tu humu ndani: chochote unachokibadilisha lazima kionekane kuwa umekibadilisha wewe. Sasa twende.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Nakala zote unazoweza kuzipata za wimbo huo: pati (karatasi ya nota ya ala moja) za kila ala, fotokopi, daftari la mwimbaji, picha za WhatsApp, hata kipande kilichochanika
- Rikodi yoyote, kanda au faili, hata kama inakwaruza
- Simu yenye kamera nzuri na programu ya kupimia sauti (tuna)
- Daftari jipya la mistari ya kawaida na penseli. Hili ndilo daftari la maelezo, usilidharau
- Programu ya nota. MuseScore ni ya bure na inatosha. Kama ulizoea Finale, wenyewe walitangaza mwaka 2024 kuwa hawaiendelezi tena, kwa hiyo toa kazi zako kwa MusicXML (faili linalofunguka kwenye programu nyengine) mapema uhamie kwengine
- Mtu mzima mmoja aliyewahi kuupiga huo wimbo

Huyo wa mwisho ndo mgumu kumpata kuliko vyote, muanze kumtafuta leo.

## Hatua ya 1: Piga picha, tena za rangi

Weka karatasi karibu na dirisha, kivulini, bila flashi, na simu iwe juu yake sawasawa isilale upande. Ukiwa na skana, weka rangi na nukta 300 kwa inchi.

Kwa nini rangi? Kwa sababu kwenye nyeusi na nyeupe wino, penseli na doa la chai vyote vinakuwa kitu kimoja. Kwenye rangi unaona kabisa kuwa nota ni za wino wa buluu, lakini lile duara la kurudia kalitia mtu mwengine kwa penseli, pengine miaka kumi baadae.

Onyo: karatasi iliyochanika usiibandike selotepu wala usiipeleke kulaminetiwa. Gundi ya selotepu inageuka njano na kula wino, na ukishalamineti hurudi nyuma. Itie kwenye bahasha basi.

Umefanikiwa ukiweza kuikuza picha mpaka ukaona kila mkia wa nota bila ya kuirudia karatasi yenyewe.

## Hatua ya 2: Kila nakala ipe herufi, halafu uliza nani kamnakili nani

Ile kongwe iite A, inayofuata B, na kuendelea. Kwenye daftari la maelezo andika kila moja ni kitu gani, ya ala gani, ina kurasa ngapi, imeandikwa kwa mkono au ni fotokopi, umeipata wapi.

Hapa ndo wengi wanapoteleza. Mtu anakuja na hoja kuwa nakala tatu zinasema nota ni La na moja inasema ni Si fleti (Si iliyoshushwa nusu toni), kwa hiyo La imeshinda. Yakhe, huu si uchaguzi. Ikiwa zile tatu zote ni fotokopi za karatasi moja basi ni shahidi mmoja aliyesema mara tatu.

Utajuaje kama B imetoka kwa A? Tafuta makosa wanayoshirikiana. Nota sahihi haikwambii kitu, maana kila mtu anaweza kuipata sahihi kivyake, lakini nakala mbili zikikosea kosa moja la ajabu katika bari moja, basi moja imezaa nyengine au zote zina mama mmoja.

Kisha chagua nakala moja ya kuifuata, ile utakayoiamini mpaka upate sababu ya kutoiamini. Usichanganye bari hii kutoka A na ile kutoka C kwa vile inapendeza zaidi, utapata wimbo ambao haujawahi kupigwa na mtu yeyote duniani.

## Hatua ya 3: Hesabu bari kabla ya kuandika nota hata moja

Chukua kila pati, hesabu bari mwanzo mpaka mwisho, pamoja na mapumziko na marudio. Andika jumla. Fidla 64, udi 64, kanuni (ile ala ya nyuzi) 64, akodiani 63, besi 70. Basi ushajua pa kwenda kuchimba, na hujawasha hata kompyuta.

Kukosekana bari moja mara nyingi ni jicho limeruka. Mnakili anaandika, kuna bari mbili zinaishia sawasawa, anainua kichwa anarudi anashikia ile ya pili. Tafuta sehemu yenye bari zinazofanana mkia na utaikuta.

Bari kuzidi sita ni hadithi nyengine, na hii imenitesa mimi binafsi siku nzima: juu ya alama ya mapumziko marefu kuna tarakimu, na kwa mkono wa mtu mwenye haraka 1 na 7 ni mapacha. Besi wangu alikuwa anapumzika bari 7 pahala pa 1. Sita hizo!

Kwenye bashraf kuwa makini zaidi. Bashraf, muziki wa ala tupu, kwa kawaida ina khana (sehemu) nne, na baada ya kila khana inarudi taslim (kipande cha kurudiwa) ile ile, kwa hiyo wanakili wengi huiandika taslim mara moja tu mwisho wa khana ya kwanza halafu wanaweka kialama. Kialama hicho kikifutika, mpigaji anatoka khana ya pili anaingia ya tatu moja kwa moja, na wenzake wako kwenye taslim.

Umefanikiwa ala zote zikifika jumla moja, au kama hazifiki, unajua kwa maandishi ni bari gani na kwa nini.

## Hatua ya 4: Nusu fleti

Hii hatua nendeni pole pole, hapa ndipo nota nyingi za taarab zinapokufa.

Nusu fleti, yaani sauti iliyo katikati ya nota nzima na fleti yake, inaandikwa kama fleti ya kawaida iliyokatwa na kimstari kidogo kwenye shina. Kimstari chenyewe ni chembamba kama unywele. Sasa karatasi ikipita mashine ya fotokopi mara moja kinafifia, mara ya pili hakipo, kimebaki fleti ya kawaida, safi kabisa, wala huna cha kushuku.

Chukua Bayati, moja ya maqam (mpangilio wa sauti wa wimbo), ya kuanzia Re: Re, Mi nusu fleti, Fa, Sol, La, Si fleti, Do. Futa kile kimstari cha Mi. Unapata Re, Mi fleti, Fa, Sol, La, Si fleti, Do, na hiyo ni Kurd. Yaani mashine ya fotokopi imekubadilishia maqam na nota zote zinaonekana halali! Hakuna bari iliyozidi, hakuna kilichogongana, kila kitu kinahesabika vizuri. Ni wimbo mwengine tu.

Rast ya Do nayo vile vile, ina Mi nusu fleti na Si nusu fleti, ukizipoteza zote mbili unaanza kusikia kitu kinaelekea Nahawand na mwimbaji anakutazama tu.

Cha kufanya:

Kwanza, usiamue maqam kwa fotokopi. Tafuta nakala ya wino, hata kama ni ya ala moja tu na imebaki nusu ukurasa, tazama alama za mwanzo kwa kuikuza picha.

Pili, kama nakala ya wino hakuna, sikiliza rikodi pale mwimbaji au fidla anapotua kwenye Mi ndefu. Usisikilize mapambo yanayopita mbio, sikiliza anapokaa.

Tatu, usiifanye akodiani shahidi. Akodiani na kinanda havina nusu fleti, labda ndimi zake ziwe zimerekebishwa makusudi, kwa hiyo kwenye wimbo wa Bayati pati yake ama inaikimbia Mi au inapiga Mi fleti au Mi nzima. Hiyo si kosa la mnakili, ndivyo ilivyopigwa. Ukiona fidla ana nusu fleti na akodiani ana Mi nzima, ziache zote mbili kama zilivyo, andika kwenye maelezo. Nimeona mtu kasawazisha fidla zifuate akodiani, sijui niseme nini.

Onyo jengine: bashraf zilizotoka Uturuki zina alama zao. Fleti iliyogeuzwa nyuma mbele kwa Waturuki inashusha koma moja tu, na toni nzima kwao ni koma 9, kwa hiyo si sawa na nusu fleti yetu. Ukiinakili nota ya Kituruki, sema juu ya ukurasa umetumia alama za nani.

Umefanikiwa ukiweza kusema maqam ya kila sehemu ya wimbo na ukaonyesha kwa kidole umeijulia wapi.

## Hatua ya 5: Rikodi ni shahidi, lakini mpime kwanza

Kanda za kaseti zinakwenda kasi au zinasinzia. Kanda ikizidi kasi kwa asilimia 6 hivi, wimbo mzima unapanda nusu toni, na wewe utakaa unaandika Re shapu kila pahala na kujiona una sikio kali.

Hapo sasa ndo akodiani inakuja na faida yake. Yenyewe haifungwi nyuzi kila siku, sauti zake zimekaa. Sikiliza nota yake ndefu kwenye kanda, iweke mbele ya tuna ya simu. Ikiwa akodiani nzima iko juu kidogo kila nota kwa kiasi kile kile, kanda ndo inakimbia, irudishe kasi yake kwenye programu ya sauti kabla ya kuandika.

Na kumbuka rikodi ni usiku mmoja. Kama mwimbaji siku ile alirudia kiitikio mara tano kwa vile watu walikuwa wanatunza, haina maana wimbo una viitikio vitano.

## Hatua ya 6: Sasa washa kompyuta

Tengeneza skoo yenye ala zote zimepangwa juu chini, kisha ingiza nakala uliyoichagua kama ilivyo, pamoja na makosa yake. Ndiyo, na makosa. Lihifadhi faili hilo, halafu fungua jengine jipya la marekebisho.

Mambo ya kuangalia wakati wa kuingiza:

Udi kwenye ufunguo wa sol unasikika okteva moja chini ya ilivyoandikwa, na besi pia inasikika chini ya maandishi yake. Usije ukadhani wamekosea ukawapandisha.

Kwenye fidla tazama namba za vidole. Ukikuta 0 juu ya Sol ya katikati, ile ya mstari wa pili, maana yake mwenye pati alikuwa anafunga fidla (anakaza nyuzi zake) kwa Kiarabu, Sol Re Sol Re, na Sol hiyo ni waya mtupu, usiobanwa kidole. Kwa anayefunga Sol Re La Mi vidole hivyo havimsaidii kitu. Viache kwenye skoo ya kusomea, viondoe kwenye pati za wanaofunga kivyengine.

Marekebisho yaonekane hivi:

- Nota au pumziko ulilolitia wewe: mabano ya mraba
- Upinde wa kuunganisha nota ulioongeza: uwe wa vidoti, usiwe wa mstari mzima
- Fleti, nusu fleti au shapu unayoikisia: ndogo, juu ya nota, si mbele yake
- Ulichokitoa: usikifute tu, kiandike kwenye maelezo

Na maelezo yenyewe yawe mafupi, kila moja mstari mmoja, mfano: *Bari 23, fidla ya pili, nota ya 3: A ina La, B ina Si fleti. Nimefuata A, udi na kanuni pia wana La.* Basi. Usiandike insha. Mtu akitaka kukubishia anakwenda bari 23 anakubishia.

Jengine, sauti ya programu usiitumie kuhakikisha maqam. Inasaidia kusikia bari iliyozidi au nota iliyogongana, lakini kwenye nusu fleti mwamini mtu mwenye waya mkononi.

## Hatua ya 7: Maneno chini ya nota

Kiswahili ni rahisi na bado watu wanakikata vibaya. Silabi zetu zinaishia na irabu, kwa hiyo ni *ka-mba*, si kam-ba, na *ng'o-mbe*, si ng'om-be. Mwimbaji ukimwandikia kam-ba kwenye nota ndefu atafunga mdomo kwenye m na sauti inakufa. M na n zinazosimama peke yake zipe nota yake: *m-to-to* ni nota tatu, *n-chi* ni mbili.

Kwenye MuseScore bonyeza kistari kwenda silabi inayofuata, nafasi kwenda neno jipya, na kistari cha chini pale silabi ya mwisho inapovutwa juu ya nota nyingi.

Hesabu mizani. Ikiwa kipande ni cha mizani nane, kama *Ni-me-ku-ja kwa ma-pe-nzi*, na kipande chenzake kimefika saba, kuna neno limeanguka au silabi imemezwa. Usilitie neno lako kujaza. Liwekee mabano, nenda kwa mwimbaji.

Daftari likiwa la khati za Kiarabu muwe wawili mnaosoma. Khati za zamani mara nyingi hazitofautishi *e* na *i*, wala *o* na *u*, na ile *m* ya *kamba* inaweza isiandikwe kabisa, kwa hiyo mmoja anasoma hivi, mwengine vile, na vina vya beti ndo vinaamua.

## Hatua ya 8: Mpelekee aliyeupiga

Chapa ukurasa mmoja mmoja, mkubwa, nenda nao nyumbani kwake baada ya lasiri. Na usimuulize "hii sawa?" Hapa kwetu ukimuuliza mzee hivyo, kwa heshima tu atakwambia sawa mwanangu, kazi nzuri, na atakuletea chai.

Mwambie apige. Mimi nilimuwekea mzee mmoja wa fidla ukurasa wangu, nikakaa kimya. Akaufunga waya, akapiga nota tatu, akasimama, akainua miwani.

"Hii Mi yako mbona imelala?"

"Babu, karatasi ina fleti."

"Karatasi haijawahi kukaa stejini." Akaiinua kidogo kwa kidole, kidogo mno, akaendelea mpaka mwisho wa ukurasa bila kuniangalia.

Ndo nikarudi kwenye ile fotokopi nikaikuza, na kweli, penye shina la fleti kulikuwa na kivuli cha kimstari.

Muulize vile vile zile alama za penseli. Nyengine ni marekebisho ya maalim wa kikundi, hizo zina uzito. Nyengine ni "leo tunaruka hapa kwa vile harusi imechelewa". Kwa macho tu huwezi kuzitofautisha.

Onyo: kumbukumbu yake nayo ni nakala moja, ipe herufi kama zile nyengine. Akisema kitu kinachopingana na wino wa A, andika vyote viwili na tarehe uliyomsikia. Na ukitaka kusambaza au kuuza nota hizo, ongea kwanza na mwenye wimbo au warithi wake, na COSOZA, wanaosimamia hakimiliki Zanzibar, wapo kwa ajili hiyo.

## Hatua ya 9: Pati za kupigia

Skoo ya kusomea na pati ya kupigia ni vitu viwili tofauti. Yenye kusomea iwe na mabano yote, vidoti vyote, na maelezo nyuma. Pati ya mpigaji iwe nyepesi: mabano machache tu ya lazima, maelezo usimpe, ana mambo mengi.

Mistari mitano ichukue kama milimita 7 mpaka 8 kwenda juu. Kwenye simu nota ndogo zinasomeka, kwenye stendi chini ya taa moja na feni inazunguka hazisomeki.

Kugeuza ukurasa kuwe kwenye pumziko. Kama hakuna pumziko, chapa upande mmoja na uzibandike kurasa zifunguke kama pazia, mpigaji asiguse kitu. Hizi ni fotokopi zako mpya, selotepu ruhusa.

Tia herufi za mazowezi, A, B, C, pahala muziki unapogeuka: kiitikio, jibu la fidla, kuingia kwa mwimbaji. Na namba ya bari mwanzo wa kila mstari. Kiongozi akisema "tuanze bari 41" watu wote waende pahala pamoja.

Chini ya kila ukurasa andika tarehe ya toleo, si jina la wimbo tu. Nishawahi kukuta kikundi kinapiga matoleo matatu kwa wakati mmoja, fidla wawili kwenye stendi moja kila mtu na lake, na wote wanalaumu mpiga ngoma ya dumbaki.

Siku ya mazowezi weka penseli kwenye kila stendi, siyo kalamu. Ukimaliza zikusanye pati zote, usimwachie mtu kuondoka nayo, kaa nazo usiku ule ule uzipitie moja moja. Pale wapigaji watatu walipotia alama bari moja bila ya kuambizana, fungua tena picha ya nakala A.